UZI: Ramani ya mawazo ya mtandaoni kwa wanafunzi. Msigawane matawi, bishaneni kwenye mistari

Mkufunzi_Isevya

Wakuu, habari za jioni, poleni na majukumu.

Naandika kutoka Tabora mjini. Nafundisha walimu tarajali, somo la Historia pamoja na mbinu za kulifundisha. Kwenye magrupu ya walimu siku hizi ramani za mawazo za mtandaoni zinasifiwa sana: wanafunzi wanafungua kiungo kimoja, kila mtu na simu yake, wanajenga mada kwa pamoja, kisha picha yenye rangi rangi inarushwa WhatsApp na watu wanapiga makofi. Mimi mwenyewe naitumia njia hii na naipenda. Kinachoniuma ni namna inavyoendeshwa sehemu nyingi, kwa sababu mwanafunzi anatoka pale na picha nzuri na kichwani hajaongeza chochote. Naomba tulijadili kwa kina.

Kwa ambao hawajakutana nayo: unaandika jambo kuu katikati, halafu yanatoka matawi, na kila tawi linazaa vitawi. Aliyeipa umaarufu ni Mwingereza Tony Buzan, hasa kuanzia kipindi chake cha televisheni ya BBC mwaka 1974. Ipo na ya pili, ramani dhana, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1972, Joseph Novak na wenzake walipokuwa wanafuatilia jinsi uelewa wa watoto katika sayansi unavyobadilika. Hii ya pili ina sharti moja ambalo kwangu ndilo roho ya kazi nzima: kila mstari unaounganisha vitu viwili lazima uandikwe maneno juu yake. Si "chumvi" na "majembe" tu vikiwa vimeunganishwa, bali "chumvi – ilibadilishwa kwa – majembe". Mstari ukishakuwa na maneno unasomeka kama sentensi, na sentensi inaweza kuwa kweli au uongo. Hapo ndipo watu wanapata cha kubishania.

Sasa tazama inavyokwenda kwa kawaida. Mwalimu anatoa mada, tuseme biashara ya masafa marefu karne ya 19. Kiongozi wa kikundi anagawa: wewe chukua bidhaa, wewe njia, wewe viongozi, wewe athari. Kila mmoja anakwenda Google, ananakili, anabandika kwenye tawi lake, anatoka. Ramani inakamilika kabla chai haijapoa. Ukimuuliza wa "bidhaa" habari za "njia" anakwambia hiyo ni ya fulani. Wamekaa kama wauza nyanya sokoni, kila mtu na meza yake, hakuna anayejua mwenzake ameuza nini. Ukurasa ni mmoja, kujifunza pamoja hakukuwepo.

Niwape mfano wa kikundi kilichofanya tofauti, nilikifuatilia mstari kwa mstari. Walikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wametawanyika: mmoja Sikonge, mwingine Nzega, wengine Kaliua na Urambo. Kuonana ilikuwa haiwezekani, kwa hiyo ukurasa wa mtandaoni ulikuwa na kazi ya kweli. Sikuwapa mada, niliwapa swali: kwa nini Tabora ikawa kitovu cha misafara? Na nikawapa masharti. Kwanza kila mtu afunge daftari, achore ya kwake kwenye karatasi kwa kumbukumbu tu, apige picha anitumie. Pili, mtandaoni tawi halina mwenyewe. Tatu, kila mtu aunganishe vitu viwili ambavyo vimewekwa na wengine, na aandike maneno juu ya mstari. Mstari usioukubali usiufute, andika pingamizi pembeni na sababu.

Siku ya kwanza kijana mmoja akavuta mstari kutoka "Waarabu kufika Unyanyembe" (ndiyo eneo hili la Tabora) kwenda "biashara ya masafa marefu", juu yake akaandika "walianzisha". Mwenzake, mzaliwa wa Uvinza, akaweka pingamizi. Akaeleza kwamba chumvi ya Uvinza ilikuwa inafuatwa na watu wa mbali zamani sana, na wanaakiolojia wamekuta pale mabaki ya utengenezaji chumvi ya zaidi ya miaka 1,000. Wa kwanza hakukubali haraka. Akajibu: hiyo ilikuwa biashara ya jirani kwa jirani, masafa marefu ni kwenda Pwani. Hapo akaingia wa tatu, binti wa Nzega, akasema mbona Wanyamwezi wenyewe walikuwa wameshafika Pwani na pembe za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara wa Pwani hawajaweka makazi Unyanyembe? Ilichukua jioni kadhaa. Mwisho mstari ukasomeka "waliikuta, wakaipanua kwa nguo, bunduki na mikopo kutoka Zanzibar". Neno "mikopo" halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote kati yao. Lilizaliwa pale pale mtu alipouliza: lakini msafara mkubwa vile, mtaji ulitoka wapi?

Halafu kulikuwa na Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi wa Urambo. Alikuwa amening'inizwa peke yake chini ya "viongozi" kama jina la kukariri. Binti yule yule akavuta mstari kutoka kwake kwenda "njia ya Ujiji" na kuandika "aliifunga 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe". Mwingine akaendeleza kwenda kwa Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuwa anamtafuta Livingstone: "alilazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji". Wa Sikonge akauliza, kama njia imefungwa, pembe zinapita wapi na bei inakuwaje? Mstari mmoja ukafungua maswali ambayo mhadhara wangu wote haukuyafungua. Nami nilikuwa nasoma tu, nikijizuia kuandika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: matawi ni orodha yenye rangi. Elimu iko kwenye mistari inayokatisha kutoka tawi hadi tawi, na mistari hiyo haizaliwi ikiwa kila mtu amepewa shamba lake. Anayegawa matawi ameua kazi kabla haijaanza.

Karibuni. Nataka kusikia hasa wa Kigoma na wa wilayani huku kwetu ambako mtandao unasumbua.

---

Mwana_Ipuli

Mwalimu, uzi umesimama. Naomba ya vitendo: unatumia programu gani, ya bure? Na bando je? Maana wanafunzi wetu wengine anaweka la siku, likiisha amekwisha.

---

Mkufunzi_Isevya

Mkuu, natumia zaidi Coggle. Inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, unaingia kwa akaunti ya Google, watu kadhaa wanaandika kwa wakati mmoja, na inatunza historia ya mabadiliko kuanzia alama ya kwanza. Kwenye akaunti ya bure ramani za siri ni chache, za wazi hazina kikomo. Ya wazi maana yake dunia nzima inaweza kuiona, kwa hiyo majina kamili ya wanafunzi na namba za simu zisikanyage humo. MindMeister ni nzuri pia, ila bure yake inaishia kwenye ramani chache.

Ukitaka ramani dhana halisi, yenye maneno juu ya kila mstari, kuna CmapTools ya taasisi ya IHMC ya Florida. Ni bure na imejengwa kwa ajili hiyo hasa, kwa kuwa Novak mwenyewe alifanya kazi na taasisi hiyo. Kwenye kompyuta inakaa vizuri kuliko kwenye simu.

Bando: maandishi hayali sana. Zinazokula ni picha na video, nami nimezipiga marufuku kwenye hatua ya kubishana. Wengi wanasubiri bando la usiku, na ndiyo raha ya kitu hiki, si lazima wote wawe hewani saa moja. Kwa wenye simu za skrini ndogo nawaweka wawili wawili, mmoja anashika simu, mwingine anasoma kwa sauti na kutafuta kwenye kitabu. Wakipokezana inakwenda vizuri.

---

Mzee_wa_Chaki

Mwalimu, heshima yako. Nimesoma yote, ila niruhusu nikupinge.

Mimi nimeshika chaki miaka mingi. Naona vitu vya aina hii vinakuja na kupita. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Karpicke na Blunt, walichapisha kwenye jarida la Science jaribio ambalo kila anayesifia ramani angelisoma. Kundi moja la wanafunzi lilisoma maandishi ya sayansi likiyachorea ramani dhana. Kundi lingine lilisoma, likaweka maandishi pembeni, likajaribu kuandika kila linachokumbuka, likasoma tena na kukumbuka tena. Baada ya wiki moja lililojaribu kukumbuka lilifanya vizuri zaidi, tena hata kwenye maswali ya kuunganisha mawazo, ambako ungetegemea ramani ishinde.

Kwa hiyo kwa nini nisiwaambie vijana wangu wafunge kitabu na waandike? Haihitaji bando, haihitaji akaunti ya Google. Na NECTA, Baraza la Mitihani, haijawahi kumwambia mtoto achore ramani yenye rangi. Inamwambia aeleze.

---

Mkufunzi_Isevya

Mzee wangu, shikamoo. Nashukuru umeleta hilo, maana ndilo pingamizi zito kuliko yote.

Matokeo ya 2011 nayakubali yote. Lakini angalia wale wa ramani walikuwa wanafanya nini: walichora maandishi yakiwa mbele yao. Anayechora huku kitabu kiko wazi anahamisha maneno kutoka ukurasa kwenda ukurasa, kichwa kinapita katikati bila kukamata kitu. Watafiti hao hao wawili walirudi mwaka 2014 wakawaambia wanafunzi wachore ramani bila maandishi, kwa kumbukumbu. Safari hiyo ramani nayo ikawa njia nzuri ya kujipima na kukumbuka. Kumbe kilichofanya kazi mara zote ni kukifunga kitabu. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni karatasi na kumbukumbu, na picha ya karatasi hiyo naidai kabla sijatoa kiungo. Asiyeleta haingii.

Kwamba wangeweza kuandika tu, ni kweli wangeweza. Ila mwenye kuandika peke yake hana wa kumwambia "hapo si kweli". Yule kijana wa "walianzisha" alikuwa amekumbuka vizuri kabisa kitu ambacho si sahihi. Angekiandika mara kumi angekikariri mara kumi.

Na NECTA, mzee wangu, kwenye insha inataka hoja zilizoungana. Mtoto aliyetetea mstari wake mbele ya wenzake ana aya tayari: jambo, sababu, mfano, na jibu la anayepinga.

---

Mzee_wa_Chaki

Marahaba. La kitabu kufungwa nimelielewa. Nitawajaribu wangu kwa karatasi kwanza.

---

Mwalimu_Gungu

Habari zenu, niko Kigoma mjini. Mimi ni wa Jiografia na Biolojia. Uzi huu umenigusa maana nimefanya kitu kinachofanana na mwalimu mwenzangu wa shule moja ya kule Ilagala, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Watoto wetu hawana simu shuleni, hairuhusiwi, kwa hiyo ramani ilikuwa inakaa kwenye kishikwambi changu na chake, vile tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022. Darasa langu linasimama mbele ya ubao, wanabishana, wakikubaliana mmoja wao anakuja kuandika kwenye kishikwambi. Kesho yake Ilagala wanafungua, wanasoma, wanajibu.

Swali letu lilikuwa: kwa nini dagaa wanajaa msimu mmoja na kuadimika mwingine?

Watoto wa mjini wakaanza na vitabu. Upepo wa kusi unavuma kuanzia Mei hadi Septemba, unayasukuma maji ya juu, maji ya chini yenye virutubisho yanapanda, vijimea vidogo vya majini vinaongezeka, vinaliwa na vijidudu, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na migebuka. Mstari mzuri umenyooka kama reli. Mmoja akaongeza kina cha ziwa, mita 1,470, na kwamba chini huko hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki wote unaowajua wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Tukafurahi.

Kisha mtoto wangu mmoja akaweka kisanduku "mbalamwezi" na mstari kwenda "dagaa", akaandika "unawapunguza". Ilagala wakaukataa siku hiyo hiyo. Wengi wao baba zao ni wavuvi. Wakaandika, nanukuu walivyoandika: "Dagaa hawapungui mwezi ukiwaka. Taa ya mtumbwi ndiyo haionekani kwao. Dagaa wapo, baba hawapati." Kwa hiyo mstari ukang'olewa kwenye "dagaa" ukapelekwa kwenye kisanduku kipya, "kuvua". Darasa langu zima likagundua kwamba muda wote tulikuwa tumechanganya mambo mawili: samaki walioko ziwani na samaki wanaofika mwaloni Kibirizi, wanakoshushwa na wavuvi. Sijawahi kuliona somo la sampuli na vipimo likiingia kwa urahisi namna hiyo, na wala sikulifundisha mimi.

Kuanzia hapo kila mstari uliulizwa: huu unaelekea kwenye samaki au kwenye uvuvi? Kufungwa kwa ziwa miezi mitatu, Mei hadi Agosti 2024, kulipata mistari miwili. Mmoja kwenda kwenye uvuvi, "kuliusimamisha". Mwingine kwenda kwenye samaki, "kuliwapa nafasi ya kuzaliana". Ongezeko la joto la ziwa nalo likaja. Kuna utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003 unaoeleza kwamba maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanagoma kuchanganyika na ya chini, na chakula cha dagaa kinapungua kwenye chanzo chake. Mtoto mmoja wa Ilagala akauliza, kwa hiyo hata tukiacha kuvua kabisa? Tuliuacha wazi na alama ya kuuliza. Bado upo.

Nakubaliana na mkufunzi kwa asilimia zote. Tungegawa, mjini tuchukue ikolojia na Ilagala wachukue uvuvi, kosa la mbalamwezi lingekaa pale pale na sisi tungelipa alama.

---

Mwanachuo_Cheyo

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanachuo, mwaka wa pili. Naomba niseme upande wetu.

Kwenye vikundi vyetu tatizo kubwa ni wasindikizaji. Watu wanane, wanaofanya ni wawili. Ikifika ramani ya mtandaoni inakuwa rahisi zaidi kujificha, maana mtu anabadilisha rangi ya tawi, anaongeza nukta, historia inaonyesha alikuwepo. Wengine wanampa mwenzao nywila amfanyie. Nimeshakesha usiku nikijaza ramani ya kikundi kizima na alama tukapata sawa. Inakatisha tamaa sana, naisema kwa uchungu.

Ila kuna kitu kizuri pia nimekiona. Tuna mwenzetu ni mkimya mno, darasani hanyanyui mkono, waongeaji wanamzidi. Kwenye maoni ya pembeni ya ramani ndiye alikuwa anaandika hoja zenye nguvu kuliko wote. Sasa hivi watu wanamtafuta wapange naye kikundi.

Swali langu, mwalimu: unatoaje alama?

---

Kijana_wa_Nzega

Dogo, hilo la wasindikizaji ni la siku nyingi. Mfaransa mmoja, Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakivuta kamba. Akakuta kadiri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta pungufu ya uwezo wake akiwa peke yake. Baadaye wanasaikolojia wakaonyesha kwamba si suala la kukosa mpangilio tu. Mtu anapojua mchango wake hauonekani analegea, na ukionekana anakaza. Kikundi cha wanane ni kikubwa mno. Wanne wanatosha.

---

Mkufunzi_Isevya

Mwanachuo, marahaba, na pole kwa mikesha hiyo. Kijana wa Nzega amemaliza nusu ya jibu. Watu wanne, watano wakizidi sana.

Alama natoa hivi. Sehemu ya kwanza ni ile karatasi ya kumbukumbu, ya mtu mmoja mmoja. Haijalishi ina makosa kiasi gani, naangalia kama alijaribu kweli. Sehemu ya pili ni ramani ya pamoja, alama moja kwa wote, na humo sihesabu visanduku hata kidogo. Naangalia mistari inayokatisha matawi, naisoma kama sentensi, najiuliza ni kweli au si kweli, na ina uzito au ni ya kujaza nafasi. "Inahusiana na" haina alama. "Husababisha" peke yake nayo naitilia shaka mpaka nione kwa vipi.

Sehemu ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo dawa ya nywila kupeana. Namwita mmoja mmoja, namwonyesha ramani yao, nanyooshea mstari wowote nitakao mimi, hasa ambao hakuuchora yeye. Namwambia, nieleze huu ulifikaje hapa, na nani alikuwa anaupinga, kwa hoja gani. Dakika chache tu. Msindikizaji anajulikana kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Na wakishajua mapema kwamba mstari wowote unaweza kuwaangukia, hawamwachi mtu mmoja akeshe, maana kukesha kwake hakutawaokoa.

Na huyo mkimya wenu mlindeni. Kwenye vikundi vyangu nimeona wa aina yake wengi, hasa mabinti. Kuandika pingamizi usiku ukiwa umetulia si sawa na kulisema mbele ya kidume mwenye sauti.

---

Mama_Mwl_Urambo

Wapendwa, mimi nafundisha sekondari ya kata, Urambo. Umeme tunao, mtandao wa kubahatisha, kompyuta zinazowaka ni chache. Nimewahi kuwafanyisha kwa karatasi za manila ukutani na vipande vya daftari vilivyobandikwa kwa ugali. Wanahamisha, wanabishana, ilifana. Je, napoteza nini nikibaki na manila? Na lingine, watoto wangu wakibishana ni kwa Kiswahili, somo ni la Kiingereza. Ramani iandikwe kwa lugha gani?

---

Mkufunzi_Isevya

Mama, hujapoteza kitu. Kama wote mko chumba kimoja kwa wakati mmoja, manila inaishinda simu. Watoto wanaonana uso, ramani nzima inaonekana kwa mara moja, na kipande cha karatasi kinahamishika kwa mkono wa yeyote. Mtandao ni wa pale ambapo watu hawawezi kukutana, au mjadala unahitaji siku kadhaa, au unataka darasa la mbali lenye kitu ambacho lako halina, kama Gungu na Ilagala. Nje ya hapo usijitese. Piga picha manila kabla hujaibandua, ili wiki ijayo muendelee pale mlipoishia. Kwa hizo kompyuta chache, weka Freeplane. Haitaki intaneti kabisa, inatunza faili dogo linalobebeka kwa flashi, na mistari yake unaweza kuiandika maneno.

Lugha: waache wabishane na waandike kwa Kiswahili mpaka mstari ukubalike. Kisha kikao kingine kizima kiwe cha kuigeuza mistari ile kwenda Kiingereza. Ukidai Kiingereza tangu mwanzo, watachagua maneno wanayoyajua badala ya maneno wanayoyamaanisha, na utapata "inahusiana na" ukuta mzima.

---

Mwalimu_Gungu

Mkufunzi, nina ombi. Wanafunzi wako wana Unyanyembe, sisi tuna Ujiji. Kwenye ramani yenu ya misafara, njia inaishia ziwani. Wangu wanajua watu walivyovuka kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kufuata pembe, na wengine mababu zao wametokea huko huko. Unaonaje tukaiunganisha?

---

Mkufunzi_Isevya

Nimelipokea kwa mikono miwili. Nakutumia kiungo PM. Wa kwako wachore kwanza kwa kumbukumbu, kitabu kimefungwa, kisha waje na swali lao wenyewe, sisi tusiwape. Wangu nimewaambia kuna darasa kutoka Kigoma linakuja, na yule wa Uvinza ameshaandika pingamizi la kwanza kwenye kisanduku cha Ujiji. Anasema tumeuweka kama mwisho wa njia, na anataka kujua nani ameamua kwamba pale ni mwisho. Wangu hawajamjibu. Anzeni na hilo.

---

Mwalimu_Gungu

Poa. Jumatatu kipindi cha tatu tunaingia.